Kosa moja kwenye sampuli lina ndugu zake

Ninapopitia karatasi za kazi za wakaguzi wanaoanza, naanza na ukurasa wa sampuli, kwa sababu hapo ndipo hitimisho linapopata mashiko au kuyakosa. Mara nyingi nakuta kazi ya mikono imefanywa vizuri: sahihi zimelinganishwa, tarehe zimehakikiwa, hesabu zimejumlishwa upya. Kosa moja limepatikana, mhasibu amelisahihisha, na chini pameandikwa: "Limerekebishwa, hakuna suala lingine." Sentensi hiyo hunitia wasiwasi kuliko kosa lenyewe. Tunachukua sampuli ili tuweze kusema jambo la kuaminika kuhusu vocha (hati za malipo) ambazo hatukuzifungua. Ukirekebisha ile uliyoiona na kunyamaza, zile zingine umezisahau.

Kwa hiyo anza na swali la kundi, yaani vitu vyote ambavyo sampuli inaviwakilisha: unataka kusema jambo kuhusu nini hasa? Ukihofia kwamba madeni yaliyoandikwa si ya kweli, chukua sampuli kwenye orodha ya madeni na urudi nyuma kwenye ankara. Ukihofia kwamba kuna madeni yameachwa nje ya vitabu, orodha hiyo haitakusaidia hata ukiikagua yote, maana kilichoachwa hakimo. Hapo anzia kwenye malipo yaliyofanyika baada ya mwisho wa mwaka, au kwenye hati za kupokelea mizigo, kisha uelekee kwenye leja, yaani kitabu cha hesabu. Na kabla ya kuchagua chochote, jumlisha orodha uliyopewa uone kama inalingana na leja kuu. Ni hatua ya dakika chache, nami siirukagi.

Kuhusu uchaguzi, kiwango cha kimataifa cha ukaguzi ISA 530 kinataka mambo mawili ili sampuli iitwe ya kitakwimu: vitu vichaguliwe kwa nasibu, na matokeo yapimwe kwa nadharia ya uwezekano. Kuchomoa vocha hapa na pale bila mpango si nasibu. Mkono una mazoea yake: unakwepa faili nene, unapenda katikati ya rundo. Tumia programu ikutolee namba, au chagua kwa nafasi sawa. Kwenye vocha 1,200 ukitaka 60, chukua moja kila baada ya 20, ukianza na namba ya nasibu kati ya 1 na 20. Ila angalia kwanza orodha imepangwaje. Kama ni orodha ya mishahara na kila mtu wa 20 ni kiongozi wa kikosi, utaishia kukagua viongozi watupu au kutomgusa hata mmoja.

Ukubwa wa sampuli ndio unaozua ubishi mwingi, hasa ile desturi ya kuchukua asilimia 10 ya kila kitu. Naomba tuiache. Tuseme unakagua udhibiti wa ndani, yaani taratibu za taasisi za kuzuia makosa, unaweza kuvumilia ukiukwaji wa asilimia 5, na unataka uhakika wa asilimia 95. Kama hutarajii ukiukwaji wowote, unahitaji vocha 59. Ukizidisha 0.95 kwa yenyewe mara 59, jibu linashuka chini kidogo ya 0.05, yaani ni vigumu kundi lenye ukiukwaji wa asilimia 5 kukupa vocha 59 safi mfululizo. Hizo 59 zinatosha kwa vocha 4,000 na kwa vocha 40,000, kwa sababu ukubwa wa kundi, likishakuwa kubwa, hauna uzito mwingi. Asilimia 10 ya vocha 200 ni 20 tu, na kundi lenye vocha mbovu 10 kati ya hizo 200 linaweza kukupita bila kuonekana kwa uwezekano wa takriban theluthi moja. Kwa vocha 40,000, asilimia hiyo hiyo itakukalisha kwenye vocha 4,000 bila sababu.

Sasa turudi kwenye lile kosa moja. Chukua salio la wadaiwa la milioni 600, ambapo kosa linalovumilika, yaani kubwa kabisa unaloweza kukubali, ni milioni 30 na hutarajii kosa. Katika sampuli inayochagua kwa thamani ya fedha, kigezo cha uhakika wa asilimia 95 ni 3, hivyo nafasi kati ya chaguo na chaguo ni milioni 10 (30 gawanya kwa 3) na sampuli ni 60 (600 gawanya kwa 10). Unakuta ankara ya milioni 4 iliyopaswa kuwa milioni 3. Waliokuajiri wataona kosa la milioni 1. Wewe ona kwamba robo ya thamani yake si ya kweli, na kwamba ankara hiyo inasimama badala ya milioni 10. Makadirio ya kosa ni milioni 2.5. Ongeza posho ya hatari ya sampuli, yaani nyongeza kwa makosa ambayo huenda sampuli haikuyaona, na kikomo cha juu cha kosa kinafika karibu milioni 34.4. Umeshavuka milioni 30. Mdharau mwiba mguu huota tende: hapa inabidi kupanua ukaguzi, au kuutaka uongozi uchunguze salio lote, kabla ya kutoa maoni.

Watakuambia, "Hilo lilikuwa la bahati mbaya, halijirudii." Huenda ni kweli, lakini ISA 530 inalichukulia jambo hilo kuwa nadra sana na inadai uwe na uhakika wa hali ya juu, kwa ushahidi wa ziada, kwamba kosa hilo haliwakilishi kundi. Maelezo ya mdomo hayafiki hapo.

Vivyo hivyo kwa vocha isiyopatikana. Usichukue ya jirani yake. Vocha iliyofutwa kihalali unaweza kuibadilisha, lakini iliyopotea, kama hakuna njia nyingine ya kuithibitisha, ihesabu kuwa kosa. Nimeona watu wakiona aibu kufanya hivyo mbele ya mhasibu mkarimu aliyetafuta siku nzima. Mshukuru kwa dhati, kisha iandike, pamoja na namba ya kuanzia uliyotumia na orodha uliyochagulia, ili mkaguzi mwingine akirudia apate vocha zile zile ulizopata wewe.