Lisake shamba kwanza

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa hili: mtu aliyebaki na jina tu la mzee wa ukoo aliyelima Iowa, Kansas au Nebraska, Marekani, karne ya 19, aanzie wapi kumtafuta? Jibu langu: alisake shamba. Jina karani wa sensa aliliandika kama alivyolisikia, leo Johansson, miaka kumi baadaye Johnson. Ardhi ilibaki palepale, na kila aliyeimiliki aliacha karatasi.

Sensa ndiyo itakayokuonyesha kaunti. Isome ukirudi nyuma. Ya 1900 ina mwezi na mwaka wa kuzaliwa wa kila mtu, na idadi ya watoto ambao mama aliwazaa na waliokuwa hai. Ya 1890 usihangaike nayo, karibu yote iliharibika kwa moto wa Washington wa Januari 1921. Pengo hilo lizibe kwa hesabu za watu za 1885 zilizofanywa Iowa, Kansas, Nebraska na Minnesota. Ukishavuka 1880 kwenda nyuma, jihadhari: sensa za 1850, 1860 na 1870 zinataja waliomo nyumbani bila kusema nani ni nani wa nani. Hapo ndipo wengi humfanya mwanamke wa nyumba kuwa mama wa watoto wote. Linganisha umri. Akiwa na miaka 24 na mtoto mkubwa ana 13, huenda ni mke wa pili, au ni dada wa mwenye nyumba.

Kwa familia zilizotoka utumwani, kama nyingi zilizohama Kentucky kwenda kuanzisha Nicodemus, Kansas, 1877, jina kwa kawaida huonekana mara ya kwanza 1870. Majedwali ya watumwa ya 1850 na 1860 yaliandika jina la mmiliki. Mtumwa aliandikwa umri, jinsia na rangi tu. Hapo njia iliyobaki ni wosia na mirathi ya mmiliki huyo.

Sasa shamba lenyewe. Tovuti ya Bureau of Land Management, idara ya ardhi ya serikali kuu, inaonyesha bure hati za kwanza za ardhi, zile ambazo serikali ilimpa mmiliki wa kwanza. Ukiipata, nakili maelezo yote: robo ipi, ya sehemu namba ngapi, kitongoji, safu na meridiani, ndiyo anwani ya shamba kwenye ramani za upimaji. Sehemu moja ni ekari 640, na robo yake ni 160, ndizo zile ambazo sheria ya Homestead ya 1862 ilimpa aliyekaa na kulima miaka mitano. Hati haina mengi. Utamu uko kwenye jalada la maombi ya ardhi hiyo, lililoko National Archives, hifadhi ya nyaraka za taifa, Washington, linaloagizwa kwa fomu NATF 84. Humo mkulima anaeleza alihamia lini, nyumba ni futi ngapi kwa ngapi, milango na madirisha mangapi, kama kuna kisima, amelima ekari ngapi, ana watoto wangapi. Kama alizaliwa ng'ambo, karatasi za uraia huwemo pia. Aliyeshindwa, kwa nzige wa 1874 au kwa ukame, hana hati kwenye tovuti hiyo, lakini jalada lake huwa lipo. Namba yake itafutwe kwenye vitabu vya kusajilia viwanja.

Hati za mauziano ya baadaye ziko kwenye kaunti, nazo kaunti ziligawanywa mara kwa mara. Angalia mpaka ulivyokuwa mwaka ule, kwa sababu karatasi hubaki kwenye kaunti mama.

Ukikuta wakulima wawili wa jina moja, fungua majedwali ya kilimo ya sensa, 1850 hadi 1880. Yanaonyesha ekari, ng'ombe wa maziwa, busheli za mahindi, hata ratili za siagi. Mwenye ekari 40 hatachanganywa na mwenye 200.

Halafu rudi kwenye jalada, usome majina ya mashahidi wawili waliothibitisha kwamba mkulima alikaa kweli pale. Walikuwa majirani, na mara nyingi shemeji zake. Watafute kwenye sensa ya kaunti waliyotoka wote. Jina la ukoo wa mke, ambalo karani hakuliandika popote, mara nyingi hupatikana kwao.