Kufungua kampuni Dubai ili upate ukaazi: kweli ipo, ila sikiliza kwanza

Jana tena mdogo wangu mmoja wa Mbagala kaniuliza, "Bro nasikia ukifungua kampuni Dubai unapewa ukaazi wa miaka miwili, kweli au chai?" Si chai dogo, kweli kabisa, mimi mwenyewe ndo nakaa hivyo. Ila wanaokuuzia hizo pakeji wanakusimulia nusu.

Mimi nilikuwa nakuja Deira, mtaa wa biashara hapa Dubai, kubeba spea za simu napeleka Kariakoo, kila safari viza ya matembezi, nikaona bora nikae huku huku. Nikachukua leseni ya frizoni (eneo huru la biashara) yenye viza moja, ikanitoka kama dirham 13,000, hiyo ni zaidi ya dola 3,500. Nikapimwa damu na eksirei ya kifua (ukikutwa na virusi vya ukimwi viza hupati, hilo mawakala hawalitaji), alama za vidole, kadi ya ukaazi ikatoka. Kwenye karatasi ya viza cheo changu ni partna. Nikamtumia mama picha akaita majirani. Na partna mwenyewe wakati huo nalala bedispesi, yaani nimepanga kitanda tu, mtaa wa Naif, watu sita chumba kimoja, kitanda cha juu, ukiamka vibaya kichwa kinagonga dari 😂

Leseni ilitoka ndani ya wiki, akaunti ya benki ya kampuni nimeisotea miezi mitano. Wanataka steitimenti za nyumbani miezi sita, invoisi, mikataba, unanunua kwa nani unamuuzia nani hela inatoka wapi, na mimi biashara yangu yote ilikuwa M-Pesa na keshi ya mkononi. Nikamtolea dada wa benki risiti zangu za Kariakoo zilizoandikwa kwa kalamu, akazigeuza geuza kama cheti cha mganga wa kienyeji. Benki mbili zikanikataa bila kusema sababu, ya tatu ikakubali ila salio likishuka chini ya dirham 25,000 wananikata kila mwezi. Sasa kampuni bila akaunti ni nini kama si karatasi ya kubandika ukutani?

Halafu leseni ya frizoni peke yake haikupi ruhusa ya kufungua duka pale Deira, hiyo ni leseni ya meinlandi, yaani nje ya frizoni, na lazima uwe na ofisi yenye mkataba wa pango uliosajiliwa. Yale maneno ya lazima mwarabu wa huku awe na 51% ya kampuni ni ya zamani, tangu 2021 biashara nyingi unamiliki mwenyewe zote.

Viza ni miaka miwili ila leseni yangu nailipia kila mwaka, uwe umeuza hujauza. Kodi ya kampuni 9% inaanzia faida ikizidi dirham 375,000, mimi huko sijafika, lakini kujisajili lazima na kupeleka hesabu lazima, ukichelewa kujisajili faini 10,000. Na ukikaa nje ya nchi zaidi ya miezi sita ukaazi unakufa. Mzee alipolazwa Muhimbili nilikuwa nimekaa huko karibu miezi mitano, namuuguza huku nahesabu siku kwenye kalenda, we acha tu.

Kwa hiyo dogo, kama una mzigo unaotembea na wateja wanaolipa, njoo, huku mzigo unaununua ukiuona kwa macho. Kama lengo ni kuja kutafuta kazi usiuze kiwanja cha baba ufungue kampuni, kwa sheria za huku viza ya kazi anailipa mwajiri, ukiambiwa ulipe wewe shtuka.

Leseni yangu inaisha mwezi ujao, nina 9,000 mpaka sasa, zilizobaki ziko Kariakoo kwa wateja wanaoniambia "kesho bosi".