Mashine mpya ya boti ikikohoa, anzia kwenye tangi

Mashine mpya ikianza kutetemeka na kukatakata, mkono wa fundi huenda moja kwa moja kwenye skrubu za kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Huko ndiko kwa kufika mwisho. Kabureta ya mashine iliyotoka kwenye boksi imepimwa kiwandani, na ukishaigeuza hujui tena ilipokuwa. Mara nyingi kosa liko nje ya mashine: kwenye mafuta, kwenye hewa inayoingia mahali isipotakiwa, au namna mashine ilivyofungwa kwenye chombo. Hapa tunazungumzia mashine za kuchanganya oili na petroli, kama Yamaha Enduro ya nguvu farasi 15 na ya 40, ambazo ndizo nyingi kwa wavuvi wa pwani na wa maziwa.

Kwanza jua lipi ni la kawaida. Saa 10 za mwanzo mashine hizi hunyweshwa mchanganyiko mzito wa 25:1, yaani mililita 800 za oili kwa lita 20 za petroli. Kwa oili nyingi hivyo, moshi ni lazima, na ikikaa muda mrefu kwenye sailensa, yaani ikinguruma taratibu bila kuongezwa mwendo, plagi hulowa na mashine huanza kumisi (kurukaruka mlio). Hiyo si hitilafu. Itoe kwenye sailensa, iendeshe mwendo wa kati kwa dakika chache, itasafika. Baada ya saa hizo 10 unashuka hadi 50:1, mililita 400 kwa lita 20, isipokuwa kitabu cha mashine yako kiseme vinginevyo. Wapo wanaoendelea na 25:1 wakidhani wanailinda. Matokeo yake ni masizi kwenye plagi na kwenye njia ya moshi.

Mwendo wenyewe nao una ratiba. Dakika 10 za kwanza, mwendo wa chini kabisa. Dakika 50 zinazofuata usivuke nusu ya mafuta, yaani nusu ya mkono wa kuongeza mwendo, kisha saa 2 usivuke robo tatu. Saa 7 zilizobaki nenda mwendo wowote, ila usikae kwenye mafuta yote zaidi ya dakika 5 mfululizo.

Kuchanganya ndiko kunakoharibu mashine nyingi mpya. Oili ikimiminwa tangini kisha petroli ikaongezwa juu bila kutikiswa, oili inatuama chini, na mrija wa kuvutia mafuta uko chini huko huko. Asubuhi mashine inavuta oili tupu, inafuka moshi na kuzimika. Mchana inavuta petroli isiyo na oili ya kutosha, na hapo pistoni hukwaruzika na hata kung'ang'ania kabisa. Weka lita 3 au 4 za petroli kwenye dumu, tia oili yote, tikisa vizuri, ndipo ujaze petroli iliyobaki na kutikisa tena. Pima kwa chupa yenye alama. Kukadiria kwa macho hakufai. Oili iwe ya mashine za boti, yenye maandishi TC-W3. Oili ya bodaboda au ya gari haifai, haikutengenezwa kuungua pamoja na petroli.

Sasa fuata njia ya mafuta. Legeza skrubu ya hewa kwenye kifuniko cha tangi. Hiyo ikisahaulika, mashine inakwenda vizuri kwa muda, kisha inakufa taratibu, na pampu ya mkono kwenye mpira wa mafuta inanywea. Ukiona imenywea, kuna kizuizi kabla ya hapo. Ikiwa badala yake haikazi hata uiminye mara ngapi, tafuta hewa inayoingia: viungio vya mpira, ringi ndogo za ndani ya viungio, vibano vilivyolegea. Hakikisha pia mshale wa pampu unaelekea kwenye mashine. Kipo kipimo kimoja cha uhakika: mashine inapokohoa ikiwa na mzigo, mwenzako aiminye pampu polepole. Ikitulia, shida ni mafuta kutofika, na hakuna haja ya kugusa umeme.

Petroli yenyewe chota kwenye chupa ya kioo, iache itulie dakika 10. Maji hukaa chini na mstari wake unaonekana wazi. Petroli ya madumu ufukweni huingia maji kirahisi, na iliyochanganywa na mafuta ya taa huifanya mashine igonge na kufuka moshi. Ukipata maji, mwaga tangi lote, kisha fungua skrubu ya chini ya kabureta utoe yaliyotuama humo.

Ikija zamu ya plagi, zitoe zote mbili na uzilinganishe. Rangi ya kahawia ni njema, na kwenye 25:1 zikielekea weusi usihangaike. Moja ikiwa imelowa na nyingine kavu, badilishana plagi. Tatizo likihama na plagi, plagi ni mbovu. Likibaki silinda ile ile, tazama kofia ya plagi, waya na koili. Plagi nyeupe ni ishara mbaya: silinda inapata mafuta kidogo mno na inachemka. Zima hapo hapo. Plagi za NGK zenye -10 mwishoni, kama B7HS-10, zina mwanya wa milimita 1.0. Plagi mpya kaza kwa vidole hadi ikome, kisha robo hadi nusu mzunguko kwa spana. Usiwashe mashine huku waya wa plagi ukining'inia hewani, unaweza kuua kifaa cha umeme.

Kuna kukohoa kwingine kusikohusu mafuta wala umeme. Mashine ikipiga kelele ghafla kwenye kona au juu ya wimbi huku chombo hakisogei, propela inakula hewa. Lile bapa lililo juu ya propela liwe usawa na chini ya chombo, au lizame hadi milimita 25. Vyombo vyetu vya mbao huchongwa kwa jicho, na ubao wa tezi ukiwa mrefu kwa mashine ya shingo fupi, hakuna fundi wa kabureta atakayelitibu hilo. Kinyume chake, mashine inayolemewa na kushindwa kufika mizunguko 4,500 kwa dakika kwenye mafuta yote inahitaji propela yenye hatua ndogo zaidi, yaani inayosonga mbele kidogo zaidi kwa kila mzunguko.

Wa Ziwa Victoria waongeze jambo moja. Ziwa liko kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, hivyo kabureta iliyopimwa kwa usawa wa bahari inatoa mafuta mengi kidogo na nguvu inapungua. Mwombe wakala jeti (kitundu kidogo cha kupitisha petroli ndani ya kabureta) inayofaa kabla ya kulaumu mashine.

Yote hayo yakiwa sawa na bado inakatakata, pima mgandamizo, yaani nguvu ya hewa inayobanwa na pistoni, wa silinda zote mbili. Zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 15, usifungue chochote. Andika vipimo, saa ilizokwisha fanya kazi na mchanganyiko uliotumia, uipeleke kwa wakala na plagi zake zile zile bila kuzisafisha.