Dawa ya maji, usiku kucha chooni

SWALI: Shikamoo mama mfamasia. Mama yangu ana presha na miguu inavimba. Anameza Lasix, ile dawa ya kutoa maji mwilini, jioni, usiku kucha yuko chooni. Akisafiri Tanga kwenda Dar anaiacha kabisa. Ni sawa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Si sawa. Hizo safari za chooni gizani ndizo zinazonitia hofu: mzee akiinuka ghafla, kizunguzungu humwangusha. Kidonge hicho huanza kazi ndani ya saa moja, nguvu zake huisha baada ya saa sita hivi. Aulize kliniki ahamie asubuhi. Siku ya basi, aulize pia kama anaweza kumeza akishafika.

Na magoti je, yanamuuma? Wengi wanaokuja dirishani kwangu wana diklofenaki mkobani, dawa ya maumivu ya kununua tu. Hiyo hubakiza maji mwilini, na pamoja na dawa ya maji huweza kuumiza figo. Mwondolee, amwulize daktari dawa nyingine.

Misuli ikikaza, huenda potasiamu, madini ya mwilini, imeshuka. Apimwe damu, asijitibu kwa madafu yenye potasiamu nyingi, kwani wanaotumia spironolaktoni, dawa nyingine ya maji, potasiamu yao huweza kupanda mno. Akiharisha au kutapika, pigeni simu kliniki siku hiyohiyo.

Mizani mnayo? Apime kila asubuhi akishakojoa. Zikiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, mpeleke.