Kamera au maiki kwanza?

Mdogo wangu, umeuliza ununue kamera gani ya bei nafuu urekodi wazee wa Mikindani wakisimulia habari za zamani, na simu nzuri unayo. Kamera iache kwanza. Nunua maiki ndogo ya waya, ya kubana kwenye kola. Angalia pini: ya simu ina pete 3 nyeusi, ya kamera ina 2. Simu isiyo na tundu la hedifoni, tafuta maiki ya Type-C, ya kuchomeka kwenye tundu la chaji la aina hiyo.

Upepo wa bahari pale haukuachii. Nilimrekodi bibi yangu barazani, picha safi kabisa, sauti ikawa vuuu mwanzo mwisho. Simulizi ile sikuipata tena, inaniuma hadi leo. Kwa hiyo vika maiki sponji au manyoya, ibane shibiri moja chini ya kidevu, urekodi kidogo, usikilize kwa hedifoni kabla mzee hajaanza.

Picha? Mkalishe kivulini, uso uelekee mwangani, tumia kamera ya nyuma. Ndani kwenye taa weka fremu, yaani picha moja moja zinazounda video, 25 kwa sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, ukiweka 30 picha huweza kupepesa. Stendi ya mtumba inatosha, ilimradi miguu isilegee.