Nianzie wapi kumwelewa mtumiaji kabla ya kutengeneza programu?

Mkuu, umeuliza usome kozi gani ili ujue watumiaji wanahitaji nini kabla hujatengeneza programu ya simu kwa ajili ya wenye maduka. Kozi zipo na baadhi ni nzuri. Ila kwa jinsi nilivyojifunza mimi, anza kwa kukaa dukani.

Nenda kwa muuza duka mnayefahamiana, omba ukae pembeni jioni wateja wanapofululiza. Usimwulize, "Nikikutengenezea programu ya madeni utaitumia?" Atakujibu, "Wazo zuri sana, kijana wangu," maana ni mstaarabu, hataki kukuvunja moyo. Muulize jambo lililokwisha kutokea: "Mara ya mwisho umemkopesha nani? Naomba nione ulipoandika."

Hapo ndipo kazi inapoanza. Mama mmoja alitufungulia daftari lake la madeni, halikuwa na jina kamili hata moja. "Mama Neema, unga nusu." "Fundi baiskeli 1,500." "Yule wa geti jekundu." Deni likilipwa, anapiga mstari juu yake. Mengine yalikuwa kwenye kipande cha boksi la sabuni, kwa sababu siku hiyo binti yake ndiye aliyeuza dukani na daftari lilikuwa limefungiwa ndani. Ukishaona ukurasa kama ule, huwezi tena kuweka fomu inayolazimisha jina kamili na namba ya simu. Na utaanza kujiuliza binti atarekodi wapi wakati simu iko kwa mama yake.

Hata wakubwa walipita njia hii. M-Pesa ilianza kujaribiwa Kenya mwaka 2005, kampuni za simu Vodafone na Safaricom wakishirikiana na Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo, lengo likiwa wakopaji wadogo walipe marejesho kwa simu. Wateja wa majaribio wakaigeuza kwa shida zao wenyewe: wakatumiana pesa, wakalipana kwenye biashara, wengine wakaweka pesa kabla ya safari na kuzitoa wafikapo. Waliosimamia majaribio waliyafuatilia matumizi hayo kwa makini, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007, ilitangazwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Mimi hili hunigusa kila nikilikumbuka, maana ingekuwa rahisi sana kuwaambia wateja wale kwamba wanaitumia vibaya.

Kwa vitendo: nendeni wawili, mmoja aulize, mwingine aandike maneno kama yalivyotamkwa. Mteja akiingia, nyamazeni, biashara yake kwanza. Nunueni chochote kabla ya kuondoka. Michoro yenu ya programu ibaki kwenye begi hadi mmeshasikiliza watu kadhaa, kwa sababu mtu akishaona mchoro ataanza kuusifia mchoro.

Baada ya maduka matano hivi, fungua kozi unayoitaka. Utaisoma ukiwa na maswali yako mwenyewe. Na ukitoka duka la kwanza, weka hapa ulichokiona, bila jina la mtu, tukichambue pamoja.