Msomaji anauliza: Mita inasoma sifuri nikiweka -O2

SWALI: Shikamoo kaka, niko Moshi, nimeandika programu ya C inayosoma mita ya maji kwa Modbas (njia ya mawasiliano ya vifaa kama mita) kwenye shamba la mjomba huku Kibosho. Mita inatuma kipimo kwenye rejista mbili (visanduku vya namba) za biti 16, nazipanga kwenye rejista[2] halafu naandika kipimo = *(float *)rejista; basi, yaani nazisoma zote mbili kama float moja (namba ya desimali). Bila -O2 (agizo la kuharakisha programu) inasoma poa kabisa, nikiweka -O2 na -Wall (agizo la kuonyesha woningi, yaani maonyo) kompaila yangu ya GCC inalalamika mambo ya strict-aliasing (sheria ya kutosoma memori moja kwa aina mbili za data) na saa nyingine kipimo kinakuja sifuri. Jamaa kaniambia nizime tu hiyo woningi. Nizime?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usizime, hapo kompaila inakusaidia.

Iko hivi, sheria ya C inasema kitu cha uint16_t (namba nzima ya biti 16, kama rejista zako) hukisomi kupitia pointa (anwani ya memori) ya float, kwa hiyo ukiweka -O2 kompaila inachukulia hizo mbili haziwezi kuwa sehemu moja ya memori, ikiona inafaa inasoma float kabla hujamaliza kuandika rejista na wewe unapata takataka ya zamani au hiyo sifuri yako. Bila -O2 haihangaiki kupanga upya ndo maana ulikuwa unaona iko poa. Na usijaribu ujanja wa kuhifadhi pointa kwenye variabo nyingine kwanza, woningi inaweza kupotea ila kosa liko palepale.

Fanya hivi, unganisha rejista mbili kuwa namba moja halafu nakili baiti zake kwa memcpy:

uint32_t w = ((uint32_t)rejista[0] << 16) | rejista[1];
float kipimo;
memcpy(&kipimo, &w, sizeof kipimo);

Watu wanaogopa memcpy eti inapunguza spidi, wapi, kwa baiti nne GCC kwenye -O2 kwa kawaida haiiti fankisheni yoyote, inahamisha namba moja kwa moja. Hiyo (uint32_t) ya mwanzo usiiruke, bila hiyo namba inageuka int na ukisukuma biti 16 unaweza kugonga biti ya alama (ile ya kuonyesha hasi au chanya), tatizo lingine hilo.

Yunioni (aina mbili za data zikitumia memori moja) nayo inakubalika kwenye C, ila siku ukihamia C++ itakusumbua, mi naona memcpy inatosha. Kuna pia -fno-strict-aliasing (agizo la kuzima sheria hiyo), hata kerneli (kiini) ya Linux inakompailiwa nayo, sio dhambi, ila wale wameamua wakijua wanachofanya, wewe una mstari mmoja tu wa kurekebisha.

Kabla hujapanda shambani jaribu kwa mkono, weka rejista[0] = 0x4148 na rejista[1] = 0, lazima itoke 12.5. Ikitoka hiyo halafu mita yenyewe bado inaleta vinamba vidogo vya ajabu mfano 2.3e-41, basi mita yako inatuma rejista kinyume, zipo nyingi za hivyo, badilisha nafasi ya 0 na 1 kwenye ule mstari wa kwanza.